Nyota nzito zinavyopungua uzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Darasani tulifundishwa kwamba nyota hufa kulingana na uzito wake: nyepesi hunyauka, nzito hulipuka, nzito kupindukia huwa shimo jeusi. Si uongo, ila kuna neno limerukwa. Uzito upi? Nyota nzito haifi na uzito iliozaliwa nao. Njia nzima huwa inavuja, inapulizwa, inaporwa na jirani yake, na mara nyingine inatapika Majua kadhaa kwa mkupuo. Maswali haya ni yale ambayo watu huyarudia kila darubini inapowekwa uwanjani.

Neno moja kabla ya kuanza. Wanafizikia husema *tungamo* au *masi*. Hapa tutasema uzito kama watu wanavyosema. Na tukiandika "nyota ya Jua 20", maana yake ni nyota yenye uzito wa Jua letu mara 20.

## Mambo ya msingi

Nyota ya kiasi gani huitwa nzito?

Iliyozaliwa na uzito wa Jua 8 hivi au zaidi. Kuanzia hapo kiini cha nyota hupata joto la kutosha kuendelea kuunganisha elementi hatua kwa hatua, kwa kawaida hadi chuma, kisha kinaporomoka. Chini ya hapo mwisho wake ni kibete cheupe, kama litakavyokuwa Jua.

Ni chache: kati ya nyota mia zinazozaliwa, hata moja haifiki. Wala hazidumu. Jua letu lina umri wa kuishi wa miaka bilioni 10. Nyota ya Jua 25 humaliza safari kwa miaka milioni 7 hivi, na ya Jua 60 haifikishi milioni 5. Wengi huuliza kama Kilimia ni nyota nzito kwa kuwa zinang'aa kwa rangi ya buluu. Zinakaribia, lakini hata ile kubwa kuliko zote pale haifiki Jua 8.

Si inapungua kwa sababu inaunguza mafuta yake?

Hili ndilo kosa linalorudi kuliko yote, na linaeleweka, kwa sababu sote tumekaa mbele ya jiko la mkaa. Gunia linaisha, kinachobaki ni majivu mepesi. Ndani ya nyota mambo ni tofauti: haidrojeni ikiungana kuwa heliamu, ni asilimia 0.7 tu ya uzito inayogeuka nishati. Majivu yana uzito karibu sawasawa na mkaa, na yanabaki humo humo ndani.

Kwa hiyo nyota iliyounguza haidrojeni ya Jua 10 nzima imepungua kwa sehemu 7 tu za mia za Jua moja. Upotevu tunaouzungumzia hapa ni wa namna nyingine: gesi yenyewe, mbichi kwa iliyounguzwa, inatoka kwenye uso wa nyota na kwenda zake.

Jua letu nalo linapungua?

Ndiyo, kidogo sana. Upepo wa Jua, yaani gesi inayopulizwa kutoka kwenye uso wake, hubeba zaidi ya tani milioni moja kila sekunde, na mwanga wenyewe huondoka na uzito wa tani milioni 4 nyingine. Inatisha hadi uweke kwenye mizani: kwa kasi hiyo, miaka yote bilioni 4.6 ya Jua haijaondoa hata sehemu moja ya elfu. Uzeeni, litakapovimba kuwa jitu jekundu, litapoteza karibu nusu, lakini hiyo ni hadithi ya nyota nyepesi.

Na nyota nzito je, inapoteza kiasi gani?

Nyota changa, ya buluu na yenye joto kali hupoteza takriban Jua moja kila miaka milioni, na zile zenye nguvu zaidi Jua moja kila miaka laki moja. Kwa kuwa Dunia ni karibu sehemu 3 za milioni za uzito wa Jua, nyota ya kundi la pili hutupa nje Dunia tatu kila mwaka. Kila mwaka, bila likizo, kwa miaka milioni kadhaa. Hesabu ikijumlishwa, nyota iliyozaliwa na Jua 60 inaweza kufika mwisho na chini ya nusu ya uzito huo.

## Inatokaje?

Mwanga unawezaje kusukuma gesi?

Mwanga una msukumo. Ni mdogo mno kwa mwanga wa taa ya sebuleni, lakini nyota nzito hung'aa kuliko Jua mara laki kadhaa, na kwenye uso wake msukumo huo hushindana na mvutano. Arthur Eddington ndiye aliyeonyesha kwamba kuna kikomo: nyota ikizidi mwangaza fulani kulingana na uzito wake, mwanga unashinda na gesi inaondoka.

Utamu wa mambo uko kwenye namna gesi inavyoudaka mwanga huo. Haidrojeni na heliamu, ambazo ndizo karibu gesi yote, huuacha upite kwa sehemu kubwa. Wanaodaka ni wachache: chembe za chuma, kaboni, naitrojeni na oksijeni zilizopoteza elektroni. Kila moja hunyonya rangi maalumu tu za mwanga, na chuma peke yake kina maelfu ya rangi hizo. Chembe ikinyonya, inasukumwa nje. Ikishika kasi, rangi inazoziona huhama kidogo, kama honi ya gari linalokuacha inavyoshuka sauti, kwa hiyo inakutana na mwanga mpya ambao hakuna aliyekwisha kuunyonya kwenye tabaka za chini, inasukumwa tena, inaongeza kasi, inakutana na mwanga mwingine. Njiani inagongana na haidrojeni na heliamu na kuziburuta, kama kichwa kimoja cha treni na mabehewa mia.

Leon Lucy na Philip Solomon waliliweka wazo hilo kwenye hesabu mwaka 1970. John Castor, David Abbott na Richard Klein wakalikamilisha mwaka 1975, na nadharia yao bado inatumika. Matokeo yake si mchezo. Upepo wa nyota nzito iitwayo Zeta Puppis huenda kilomita 2,250 hivi kwa sekunde. Kutoka Mombasa hadi Kigali ni nusu sekunde.

Kumbuka chuma na wenzake hawa. Watarudi kwenye swali la mashimo meusi.

Majitu makuu mekundu yanapoteza uzito kwa njia hiyo hiyo?

Hapana. Jitu kuu jekundu limevimba kiasi kwamba likiwekwa mahali pa Jua lingeimeza Mirihi, na uso wake umepoa hadi nyuzi 3,500 hivi. Upepo wake ni wa pole, kilomita 10 hadi 30 kwa sekunde, lakini ni mzito. Gesi huchemka kwa mapovu makubwa, nyota nzima hupumua ndani na nje, na gesi inayoinuliwa ikifika mbali hupoa na kuganda kuwa vumbi. Vumbi ni zuri sana kwa kudaka mwanga, basi husukumwa na kuivuta gesi iliyobaki. Ile hatua ya kwanza, ya kuinua gesi kutoka kwenye uso, ndiyo ambayo wataalamu bado wanabishania.

Mfano wa karibu ni Betelgeuse, ambayo mabaharia Waswahili waliiita Ibuti la Jauza, begani mwa kundi la nyota la Jabari. Mwishoni mwa 2019 ilianza kufifia, na kufikia Februari 2020 mtu yeyote aliyezoea anga aliona kwa macho kwamba bega limezimika. Mitandao ikajaa habari kwamba inakaribia kulipuka. Picha za darubini kubwa ya Chile zilionyesha jambo la kawaida zaidi na, kwa maoni yangu, la kuvutia zaidi: ni nusu ya kusini tu iliyokuwa na giza. Nyota ilikuwa imetema bonge la gesi, gesi ikaganda kuwa vumbi mbele ya macho yetu. Tulikuwa tunatazama kupoteza uzito kukitendeka.

Kuna nyota zinazotapika kwa mkupuo?

Zipo, na mfalme wao ni Eta Carinae, umbali wa miaka ya nuru 7,500 hivi, katika kundi la Mkuku. Desemba 1837 John Herschel, akiwa Rasi ya Tumaini Jema, alishtuka kuikuta imeongezeka mwanga ghafla. Ikaendelea kupanda na kushuka, na mwaka 1843 ikawa nyota ya pili kwa kung'aa angani baada ya Shira. Baada ya 1856 ikafifia hadi isionekane kwa macho.

Katika miaka ile ishirini ilitupa nje gesi yenye uzito wa Jua 10 au zaidi. Ukiilinganisha na upepo wa kawaida, ni matumizi ya miaka milioni nzima yaliyofanywa kati ya utoto na ujana wa mtu mmoja. Gesi hiyo leo ni mawingu mawili ya mviringo yaliyobandikana kama vibuyu, yakipanuka kwa mamia ya kilomita kila sekunde. Na nyota haikufa. Iko palepale, na ina mwenza anayeizunguka kila miaka 5.5, pepo zao zinapogongana, hutoa miale ya gama ambayo darubini za HESS nchini Namibia zimeinasa.

Eta Carinae ina ndugu. P Cygni ilizuka kama nyota mpya mwaka 1600, ikaonwa na mchora ramani Mholanzi Willem Blaeu. Nayo bado ipo.

Tunajuaje haya, wakati nyota yenyewe ni nukta?

Kwa kuuchanganua mwanga wake. Gesi inayotujia mbele ya nyota hunyonya rangi iliyosogea upande wa buluu. Gesi iliyo pembeni hung'aa kwa rangi yake ya kawaida. Ukichora unapata bonde na kilima vikiwa bega kwa bega, umbo ambalo wataalamu huliita kwa jina la P Cygni. Upana wa bonde hukupa kasi ya upepo moja kwa moja.

Kiasi cha gesi ndicho kilichotusumbua. Vipimo vingi vilichukulia kwamba upepo ni laini, umeenea sawasawa. Kumbe una mabonge. Mabonge hung'aa kupita kiasi, hivyo tulikuwa tunaona gesi nyingi kuliko iliyopo. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio ya nyota nyingi za buluu yamepunguzwa, mara nyingi hadi nusu au theluthi. Ukisoma kitabu cha zamani kinachosema upepo peke yake huivua nyota nguo zote, kumbuka kiliandikwa kwa takwimu za kabla ya punguzo hilo.

## Maisha yanavyobadilika

Kupungua kunarefusha maisha ya nyota au kunayafupisha?

Kunayarefusha, lakini kidogo. Nyota ikiwa nyepesi, kiini chake hubanwa kwa nguvu ndogo, hupoa kiasi, na mafuta huenda polepole. Ni kama kuteremsha utambi wa kandili. Lakini nyota hutumia karibu asilimia 90 ya maisha yake ikiunguza haidrojeni, na upotevu mkubwa huja baadaye, wakati saa imekwisha kusogea. Kinachobadilika hasa ni sura yake, na namna ya kufa.

Nyota za Wolf-Rayet ni nini?

Ni nyota zilizovuliwa nguo. Mwaka 1867 Charles Wolf na Georges Rayet wa kituo cha Paris walikuta nyota tatu za ajabu katika kundi la Dajaja: badala ya mistari myembamba ya giza kwenye mwanga wao, kulikuwa na mikanda mipana inayong'aa. Ilichukua miongo kadhaa kuelewa kwamba mikanda ile ni upepo mzito kiasi cha kuuficha uso wa nyota.

Nyota nzito imepangwa kama kitunguu. Nje ni haidrojeni. Ndani kidogo kuna heliamu na naitrojeni, mabaki ya kuunguza haidrojeni. Ndani zaidi kuna kaboni na oksijeni, mabaki ya kuunguza heliamu. Ukimenya, kila ganda linaloondoka linafunua jiko la zamani zaidi la ndani. Wolf-Rayet zenye naitrojeni zimemenywa mara moja. Zenye kaboni zimemenywa mara mbili. Zenye oksijeni nyingi, ambazo ni adimu mno, ziko ukingoni mwa kufa. Peter Conti alipendekeza mwaka 1975 kwamba upepo ndio mmenyaji. Leo tunajua ana msaidizi: tazama swali la mwenza hapa chini.

Picha nzuri kuliko zote, kwangu, ni ya WR 124 iliyopigwa na darubini ya James Webb na kutolewa Machi 2023. Nyota ya Jua 30 hivi imekaa katikati ya mawingu yaliyochanikachanika, na mawingu hayo ni Jua 10 alizokwisha kuzitupa.

Ikipungua hadi chini ya Jua 8, inaokoka?

Swali hili hupenda kuulizwa na wanafunzi, na ni zuri. Inategemea imepungua lini. Kinachoamua kifo ni kiini, si koti, yaani gesi ya nje inayokizunguka. Nyota iliyozaliwa na Jua 15 ikishatengeneza kiini cha heliamu cha Jua 4, unaweza kuivua haidrojeni yote na bado italipuka. Umechelewa. Lakini ikinyang'anywa gesi mapema, kabla kiini hakijakomaa, na ilikuwa imezaliwa karibu na mpaka, basi inaweza kweli kuishia kibete cheupe.

Nini kinachoivua nyota zaidi, upepo au mwenza?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa upepo. Mimi nasimama upande wa mwenza, na ushahidi umeelemea huko.

Nyota nzito hazipendi upweke. Mwaka 2012 Hugues Sana na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyota nzito za aina ya O, zile za buluu zenye joto kuliko zote, katika makundi sita ya nyota, wakakuta kwamba zaidi ya asilimia 70 zitapeana gesi na nyota mwenza, na sehemu kubwa ya hizo zitavuliwa koti au zitaungana kabisa. Nyota ikivimba na kuvuka mpaka ambapo mvutano wa jirani una nguvu kuliko wake, gesi humwagikia ng'ambo. Upepo huhitaji miaka milioni kadhaa. Jirani anaweza kumaliza kazi kwa maelfu machache tu.

Mfano wa kale ni Algol, ingawa nyota zake si nzito. Nyota nyepesi pale, isiyofikia hata Jua 1, ndiyo iliyozeeka zaidi, wakati kanuni inasema nzito ndizo huzeeka kwanza. Ilibabaisha watu hadi walipogundua kwamba nyepesi ndiyo iliyokuwa nzito. Imempa mwenzake gesi yake.

Pia wenza hueleza kitu ambacho upepo hauwezi: milipuko ya nyota zilizovuliwa ni mingi mno. Endelea na swali linalofuata.

## Jinsi ya kufa

Aina za supanova zinahusianaje na uzito uliopotea?

Supanova ni mlipuko wa nyota inayokufa, na aina zake zinahusiana na uzito uliopotea moja kwa moja. Nyota ikifa na koti la haidrojeni, mlipuko wake huonyesha haidrojeni na huitwa aina ya II. Ikibaki na kitambaa chembamba tu, ni IIb. Bila haidrojeni, ni Ib. Bila haidrojeni wala heliamu, ni Ic.

Karibu theluthi moja ya supanova za nyota nzito ni za waliovuliwa, yaani hizo tatu za mwisho. Nyota ambazo upepo wao unatosha kumaliza kazi peke yake ni zile zilizozaliwa na Jua 25 au 30 kwenda juu, na hazifiki idadi hiyo hata kidogo. Tena gesi inayorushwa na milipuko hiyo mara nyingi ni Jua 2 hadi 4 tu, dalili kwamba marehemu alikuwa mwembamba na si jitu. Supanova 1993J katika galaksi ya M81 ilikuwa ya IIb, na miaka kumi baadaye mwenza aliyebaki alionekana pale pale.

Supanova 1987A, iliyoonekana Februari 1987 katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, iliacha risiti ya aina nyingine. Pete ya gesi inayoizunguka ilitupwa miaka 20,000 hivi kabla ya mlipuko. Nyota iliyolipuka ilikuwa jitu la buluu badala ya jekundu, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ilikuwa imemmeza mwenza wake.

Nyota huongeza kasi ya kupungua ikikaribia kufa?

Nyingi, ndiyo. Mei 2023 Koichi Itagaki wa Japani, mwanaastronomia asiye wa ajira, aliigundua supanova 2023ixf katika galaksi ya M101. Darubini ziligeuzwa mapema, na mwanga wa siku za kwanza ulionyesha mlipuko ukigonga gesi nzito iliyobanana karibu na nyota, gesi iliyotoka miaka michache tu kabla. Supanova 2006jc ilitanguliwa na mlipuko mdogo mwaka 2004. Kiini kinapofika hatua za mwisho, kuunguza neoni, oksijeni na silikoni, mambo huenda kwa miaka, miezi, kisha siku. Misukosuko hiyo ikifika kwenye koti, koti hutikisika.

Je, ni kweli kila nyota iliyozidi Jua 25 huwa shimo jeusi?

Kanuni hiyo inapendwa na vitabu kwa sababu inakaririka. Mimi nisingeiweka kwenye mtihani. Nyota ya Jua 40 iliyovuliwa mapema inaweza kuacha nyota ya nyutroni, masalia madogo yaliyobanana mno. Ya Jua 20 iliyobaki na koti lake inaweza kuacha shimo. Kinachohesabika ni uzito na mpangilio wa kiini siku ya mwisho, na hivyo hutegemea historia yote iliyotangulia.

Kwa nini mashimo meusi mazito hutafutwa kwenye nyota zenye metali chache?

Wanaastronomia huita metali kila kitu kilicho kizito kuliko heliamu, hata oksijeni. Wakemia wakisikia hucheka. Tuliona kwamba metali ndizo zinazodaka mwanga na kuuendesha upepo. Zikiwa chache, upepo hulegea. Hesabu za Jorick Vink na wenzake za mwaka 2001 zilionyesha uhusiano huo vizuri, na Mawingu ya Magellan, lile kubwa lenye nusu ya metali za Jua na dogo lenye moja ya tano, yamekuwa maabara ya kuupima.

Basi nyota iliyozaliwa zamani, kabla ulimwengu haujatengeneza chuma kingi, hubaki na uzito wake hadi kufa. Tarehe 14 Septemba 2015 mawimbi ya mvutano yalinaswa kwa mara ya kwanza, kutoka kwa mashimo mawili ya Jua 36 na 29 yaliyogongana. Yalikuwa mazito kuliko shimo lolote la asili ya nyota lililokuwa linajulikana, na maelezo ya kwanza yalikuwa hayo: wazazi wenye metali chache. Aprili 2024 ikatangazwa Gaia BH3, shimo la Jua 33 umbali wa miaka ya nuru 2,000 tu, na nyota inayolizunguka ina metali chache mno, jambo linaloashiria kwamba mzazi wa shimo naye alikuwa hivyo.

## Maswali ya pembeni

Naweza kuziona kwa macho?

Ndiyo, na wakazi wa Afrika Mashariki tuna bahati. Zamani kulikuwa na kundi moja kubwa la nyota lililoitwa jahazi. Baadaye likakatwa vipande, Mkuku, Tanga na Shetri. Kila kipande kina nyota yetu moja. Kwenye Shetri ni Zeta Puppis. Kwenye Tanga ni Gamma Velorum, ambayo ndani yake imo Wolf-Rayet ya Jua 9 hivi, iliyo karibu nasi kuliko zote, miaka ya nuru 1,100 hivi. Kwenye Mkuku ni Eta Carinae, hafifu lakini inaonekana mbali na taa za mji.

Toka nje jioni ya Machi au Aprili, tazama kusini. Itafute kwanza Suheli, nyota ya pili kwa kung'aa usiku. Jahazi limetanda kutoka hapo kuelekea mashariki, hadi karibu na Salibu. Ukiwa Dar es Salaam, Eta Carinae hupanda hadi nyuzi 37 juu ya upeo wa macho. London haichomozi kamwe.

Upepo hupunguza kasi ya nyota kujizungusha?

Hupunguza, kwa kuwa gesi inayotoka kwenye uso huondoka na sehemu ya mzunguko. Ndiyo maana milipuko mirefu ya miale ya gama, inayohitaji kiini kinachozunguka kwa kasi kubwa, hupatikana zaidi katika galaksi zenye metali chache, ambako upepo ni dhaifu.

Gesi inayopotea huenda wapi?

Kwanza huchimba pango. Nebula ya Povu, NGC 7635, ni tufe la miaka ya nuru 7 hivi lililopulizwa na nyota moja. Kisha huchanganyika na mawingu yanayozaa nyota mpya. Baadhi ya gesi hiyo ina alumini-26, ambayo nusu yake huoza kila miaka laki 7 hivi na kutoa mwale wa gama. Setilaiti huuona ukitoka kote kwenye Njia Nyeupe. Mabaki yake yamo pia ndani ya vimondo vya kale vilivyoanguka duniani, kwa hiyo kuna wanaodhani kwamba Wolf-Rayet mmoja alipuliza karibu na mahali Jua lilipozaliwa.

Majitu makuu mekundu yaliyo mazito zaidi yako wapi kwenye orodha ya waliolipuka?

Hayapo, na hilo lina jina: tatizo la majitu mekundu. Stephen Smartt na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba nyota zilizopigwa picha kabla ya kulipuka kama aina ya kawaida ya II hukomea Jua 17 hivi, wakati majitu mekundu ya Jua 25 yanaonekana hai. Huenda upepo huwavua kabla, wakafa kama aina nyingine. Lakini vipimo vya Emma Beasor na wenzake vya 2020 vilikuta upepo wao wa kawaida ni mdogo kuliko tulivyodhani, na jibu hilo likapoteza nguvu. Huenda vumbi linatudanganya tunapokadiria uzito. Au huenda wanaporomoka kimyakimya, jambo linalotupeleka kwenye swali la mwisho.

Nyota inaweza kupoteza koti lake kwa sababu tu imekufa?

Inaweza, na hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Kiini kikiporomoka, hutoa nyutrino, chembe nyepesi mno zinazopenya karibu kila kitu, kwa wingi usiosemeka, na nishati yake ina uzito: sehemu kadhaa za kumi za Jua moja hutoweka kwa sekunde chache, kwa kasi ya mwanga. Koti lililoko mbali halijaguswa na chochote. Ila mvutano ulioliweka mahali pake umepungua ghafla. Gesi iliyokuwa imetulia inajikuta ina kasi iliyozidi kidogo, na kwenye jitu kuu jekundu, ambalo koti lake limeshikiliwa kwa uzi, hiyo inatosha. Linaelea na kuondoka polepole, likitoa mwanga mwekundu hafifu kwa mwaka mmoja hivi, huku katikati shimo jeusi likiwa limekwisha kujifunga.

Mwaka 2009 nyota ya Jua 25 hivi katika galaksi ya NGC 6946 iling'aa kwa miezi kadhaa, kisha ikatoweka kwenye mwanga wa kawaida. Darubini ya James Webb imekuta mahali pale vumbi lenye joto, na wataalamu wamegawanyika: wapo wanaosema ni koti la marehemu, wapo wanaosema ni nyota mbili zilizoungana na bado ziko hai chini ya blanketi. Vumbi likitawanyika, ama kutakuwa na nyota pale, ama hakutakuwa na kitu.